Uzito wa mvuke wa bahari na chimbuko la mvua yetu

Wanafunzi wa shule za upili hukariri kwamba maji ni maji: atomu mbili za haidrojeni zimeshikamana na atomu moja ya oksijeni, basi. Ni kweli, lakini ni kweli ya juu juu. Tukitwaa molekuli milioni moja za maji ya bahari na kuzichunguza moja baada ya nyingine, tutakuta kwamba takriban 2,000 kati yazo zimebeba oksijeni iliyo nzito kuliko ile ya kawaida, na nyingine kama 310 zimebeba haidrojeni nzito. Ladha ni ile ile, rangi ni ile ile, na kiu hukatwa vile vile. Tofauti ni ya uzito tu. Hata hivyo, ni tofauti hiyo ndogo iliyowawezesha wanasayansi kulikabili kwa vipimo swali ambalo wakulima wetu wamekuwa wakijiuliza tangu jadi: mvua hii imetoka wapi?

Huenda msomaji akashangaa mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya mvuke na bahari. Miaka michache iliyopita mwenzangu anayefundisha kemia aliniomba nimsaidie kusaka istilahi za Kiswahili za somo hili, nami kila nilipomwuliza maana ya neno nilijikuta nimevutwa ndani zaidi ya jambo lenyewe. Fauka ya hayo, neno linalolibeba somo hili lina historia ambayo mwanaisimu hawezi kuipita kimya.

Neno hilo ni isotopi. Mnamo 1913 Frederick Soddy, mwanakemia aliyekuwa akifundisha Glasgow, alikuwa na tatizo ambalo kwa hakika lilikuwa la lugha. Alikuwa amegundua kwamba kuna atomu zenye uzito tofauti ambazo hata hivyo haziwezi kutenganishwa kwa kemia, kwa kuwa zina tabia moja na zinastahili kuketi katika chumba kimoja cha jedwali la elementi. Hakuwa na jina la kuziita. Aliyempa jina ni Margaret Todd, daktari wa Uskoti aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya. Alichukua maneno mawili ya Kigiriki, lenye maana ya 'sawa' na lenye maana ya 'mahali', akayaunganisha. Isotopi ni zile za mahali pamoja.

Wako wanaotaka tuseme 'atomu pacha' badala ya isotopi. Mimi sikubaliani nao. Pacha hufikiriwa kuwa wanafanana, hata mama yao akawakosea majina, ilhali jambo linalotuhusu hapa ni kwamba hizi hazifanani uzito. Tuliache neno isotopi kama tulivyoliacha neno oksijeni. Kinachowashinda wanafunzi wetu si istilahi, ni sentensi. Mwanafunzi anaweza kukariri istilahi hamsini za sayansi bila kuweza kueleza kwa lugha yoyote ni kitu gani kilichotangulia na ni kipi kilichofuata.

Basi tujaribu kueleza. Oksijeni ya kawaida ina protoni 8 na nyutroni 8, jumla 16. Ile nzito ina nyutroni mbili zaidi, jumla 18. Haidrojeni ya kawaida ina protoni moja peke yake. Ile nzito ina protoni moja na nyutroni moja, nayo huitwa deuteri. Aliyeigundua deuteri mwaka 1931 ni Harold Urey wa Marekani, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1934. Isotopi hizi huitwa thabiti kwa sababu hazivunjiki wala hazitoi mnururisho. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeona watu wakirudi nyuma hatua moja wanaposikia neno isotopi, wakidhani ni habari za mabomu. Maji mazito ya aina hii yamo katika glasi ya kila mmoja wetu, na yamekuwamo tangu Adamu.

Sasa tuje kwenye mvuke. Neno hili ni la jamaa moja na fuka na fukiza, na katika matumizi ya kawaida tunalitumia kwa kile kiwingu cheupe kinachopanda juu ya sufuria ya chai. Mwalimu wa sayansi hana budi kuwatahadharisha wanafunzi wake hapa. Kile kiwingu cheupe ni matone madogo sana ya maji, si mvuke kwa maana ya kisayansi. Mvuke halisi ni molekuli za maji zilizotawanyika hewani mojamoja, nao hauonekani kwa macho. Mtu anayesimama ufuoni Malindi saa sita za mchana haoni chochote kati yake na upeo wa macho, ilhali bahari iliyo mbele yake inapandisha maji bila kukoma.

Katika kupanda huko ndimo tofauti ya uzito inamojitokeza. Waliowahi kuvuka kwa feri ya Likoni asubuhi wameona jambo linalofanana na hili. Lango linapofunguliwa, wasiobeba kitu hutangulia na wenye mizigo hubaki nyuma. Hakuna aliyewazuia, ni mzigo tu. Vivyo hivyo molekuli nyepesi huuacha uso wa bahari kwa wepesi zaidi, na zile nzito huvutiwa kubaki majini. Katika joto la nyuzi 25, mvuke uliofikia usawa na maji yaliyo chini yake huwa na upungufu wa oksijeni nzito wa takriban sehemu 9 kwa elfu ukilinganishwa na maji hayo, na upungufu wa deuteri wa zaidi ya sehemu 70 kwa elfu. Mawingu yanapofanyika na mvua kunyesha, mambo hugeuka: nzito hutangulia kushuka, na mvuke unaobaki angani huzidi kuwa mwepesi kadiri unavyosafiri. Kwa hiyo mvua ya bara aghalabu ni nyepesi kuliko ya pwani, na theluji ya ncha za dunia ni nyepesi kuliko zote.

Hesabu hizi hulinganishwa na kipimo kimoja ambacho dunia nzima imekubaliana. Ni maji ya bahari ya wastani, yaliyotayarishwa na kuhifadhiwa, na ambayo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililoko Vienna huzigawia maabara za dunia nzima. Maji hayo yanahesabiwa kuwa sifuri. Kwa hiyo mwanafunzi akiona mvuke umeandikiwa hasi 12, asidhani kuna maji yaliyo pungufu ya hakuna. Maana yake ni kwamba oksijeni nzito iliyomo imepungua kwa sehemu 12 katika kila elfu ya ile iliyomo katika maji ya Vienna. Kuna kipimo cha pili kilichotokana na barafu ya Antaktika, ambacho oksijeni yake imewekwa kuwa hasi 55.5, na kila mashine inapaswa kusawazishwa kwa vyote viwili. Mtu wa isimu anaielewa hali hii mara moja, kwa kuwa sisi nasi hatuwezi kueleza irabu ya lugha yoyote ila kwa kuilinganisha na irabu za msingi tulizokubaliana.

Mwaka 1961 Harmon Craig wa Marekani alichapisha makala fupi iliyoonyesha kwamba maji ya mvua, mito na theluji kutoka sehemu nyingi za dunia yanafuata mstari mmoja ulionyooka: badiliko la deuteri ni mara nane ya badiliko la oksijeni nzito, kisha unaongeza 10. Ile nane inaeleweka kutokana na hesabu niliyoitaja hapo juu, sabini na kitu ukigawanya kwa tisa. Lakini kumi inatoka wapi? Kama maji na mvuke vingekuwa katika usawa wakati wote, nyongeza hiyo isingekuwapo.

Jawabu liko juu ya uso wa bahari, katika tabaka jembamba la hewa ambalo Craig na mwenzake Louis Gordon walilieleza mwaka 1965 katika mkutano uliofanyika Spoleto, Italia. Walisema kwamba hewa inayogusana na maji yenyewe imejaa mvuke hadi pomoni, na hapo usawa upo. Juu yake kuna hewa iliyotulia ambamo molekuli hulazimika kupenya zenyewe, kila moja kwa nguvu zake. Juu zaidi kuna hewa inayovurugwa na upepo, ambayo huchanganya vyote bila ubaguzi. Katika lile tabaka la kati ndimo kuna mashindano. Molekuli yenye deuteri ina uzito wa 19, yenye oksijeni nzito ina uzito wa 20. Ya 20 huchelewa kidogo zaidi. Hewa iliyo juu ikiwa kavu, mvuke hukimbilia huko kwa kasi, mashindano huwa makali, na deuteri huonekana kuzidi kile ambacho usawa ungeiruhusu. Willi Dansgaard wa Denmark, ambaye mwaka 1952 alikuwa ameanza utafiti wake kwa chupa ya bia na faneli nje ya nyumba yake mjini Copenhagen, aliipa ziada hiyo nafasi yake rasmi katika makala yake ya 1964.

Ziada hiyo ni kama lafudhi. Mtu aliyezaliwa Lamu anaweza kuishi Nakuru miaka thelathini, lakini akifungua kinywa utajua alikotoka. Mvua za upande wa mashariki wa bahari ya Mediterania zina ziada ya takriban 22 badala ya 10, kwa kuwa hewa kavu ya nchi kavu inateremka juu ya bahari yenye joto na kunyonya maji kwa pupa. Mvuke uliozaliwa katika hali hiyo huibeba alama hiyo hadi unapodondoka.

Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi nadharia hii yote iliegemea vipimo vichache mno vilivyochukuliwa baharini kwenyewe. Mvua ilikingwa kila mahali, mvuke haukukingwa. Sababu ilikuwa ugumu wa kazi. Ilibidi hewa ivutwe kwa pampu kwa saa kadhaa kupitia mtungi wa kioo uliopozwa hadi nyuzi kama 78 chini ya sifuri, ili mvuke ugande ndani yake. Baadaye barafu hiyo iliyeyushwa, ikatiwa katika kichupa na kupelekwa maabara ya mbali kupimwa kwa mashine ya kupambanua atomu kwa uzito wake. Mtungi ukishindwa kukamata mvuke wote, zinazoponyoka zaidi ni nyepesi, na kipimo kizima kinapotoka. Na saa sita za pampu zinakupa namba moja, ilhali katika saa hizo upepo umegeuka mara mbili na manyunyu yamepita.

Hali ilibadilika katika muongo wa kwanza wa karne hii, zilipopatikana mashine za leza ambazo zinaweza kupakiwa melini. Hewa huingizwa katika kijichumba chenye vioo vinavyoakisi karibu mwanga wote. Mwale wa leza hutiwa humo ukaenda na kurudi baina ya vioo mara maelfu, hata ukasafiri kilomita nyingi ndani ya kitu kinachotosha mkononi. Kisha leza huzimwa, na mashine hupima mwanga unafifia kwa muda gani. Kila aina ya molekuli humeza rangi yake ya mwanga, kwa hiyo kasi ya kufifia katika rangi hii au ile inaeleza ni molekuli ngapi za aina hiyo zimo. Namba hutoka kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana.

Msomaji asidhani kwamba kazi imekuwa rahisi. Mwenzangu wa kemia huniambia kwamba kuwa na mashine ni robo tu ya safari. Bomba la kuingizia hewa lazima lipashwe moto mwanzo hadi mwisho, kwani mvuke ukiganda mahali popote njiani, zile nzito zimebaki humo na kipimo kimeharibika. Lazima mdomo wa bomba ukingwe dhidi ya povu la mawimbi, kwani tone moja la maji ya bahari likiyeyukia ndani litaleta uzito wa bahari na si wa mvuke. Upepo ukivuma kutoka nyuma, moshi wa meli yenyewe huingia. Nao una mvuke uliotokana na kuungua kwa dizeli, ambao oksijeni yake ni ya hewani na haidrojeni yake ni ya mafuta. Vipimo vya saa hizo hutupwa. Fauka ya hayo, mashine hutoa jibu tofauti kidogo kwa hewa yenye unyevu mwingi na hewa kavu hata kama maji ni yale yale, na kosa hilo sharti lipimwe na kuondolewa.

Kwa subira ya namna hiyo, tangu 2015 meli ya utafiti ya Ujerumani iitwayo Polarstern ilipima mvuke wa Atlantiki miaka miwili, kutoka bahari za kaskazini hadi barafu ya kusini. Mapema mwaka 2020, karibu na kisiwa cha Barbados, meli kadhaa na ndege zilipima kwa pamoja katika kampeni iitwayo EUREC4A, ili kujua mawingu madogo ya pepo za biashara hubadilishana vipi mvuke na bahari. Vipimo vimethibitisha kwamba ukavu wa hewa ndio mtawala mkuu wa ile ziada, na joto la bahari linafuata. Kuhusu upepo, wapimaji hawajaafikiana. Nadharia iliyoenea tangu 1979 ilisema kwamba bahari tulivu na bahari iliyochafuka hutoa ziada tofauti. Wapimaji wengine wameona athari hiyo, ilhali wale wa Polarstern hawakuiona. Nauona mjadala huo kuwa wa afya. Nadharia iliyokaa vitabuni miongo minne imeombwa kuonyesha kitambulisho.

Na sisi hapa yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwaka 1979 Eneas Salati na wenzake walipima mvua za bonde la Amazon wakikusudia kuona inavyopungukiwa na isotopi nzito kadiri mtu anavyokwenda bara kutoka Atlantiki. Ilipungua, lakini kidogo mno kuliko ilivyotarajiwa. Maelezo yao ni kwamba miti hunywa maji ya mvua na kuyarudisha hewani kupitia majani bila kubagua nzito na nyepesi, na hivyo takriban nusu ya mvua ya bonde lile ni maji yanayorudi kutoka kwa msitu wenyewe. Hapa kwetu maneno kwamba misitu huleta mvua yako katika kila hotuba, na mnamo 2022 serikali ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Mimi ni mpenzi wa miti. Lakini ni kiasi gani cha mvua ya Kericho au Kitui kinatoka Bahari Hindi, na kiasi gani kimekwisha kupita katika majani ya msitu, uwe wa Mau au wa Kongo? Swali hilo halijibiwi kwa hotuba. Linataka mtu ajue mvuke ulikuwa na uzito gani ulipoiacha bahari, kwani huwezi kusema msafiri amebadilika njiani kama hukumwona alipoondoka.

Kuna jambo zito zaidi. Tangu miaka ya 1980 mvua za masika katika Afrika Mashariki zimekuwa zikielekea kupungua, ilhali mifano mingi ya kompyuta ya tabianchi inabashiri kwamba zitaongezeka. Wataalamu wanalijua kinzano hilo na wamekuwa wakiliandikia tangu muongo uliopita. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo iliikosa sehemu kubwa ya nchi yetu, mifugo ikafa kwa mamilioni katika upembe huu wa Afrika. Kisha masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua watu hata jijini Nairobi. Mpangaji wa kilimo amwamini nani? Mwalimu wa hesabu anamfahamu mwanafunzi anayepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi. Mfano wa kompyuta nao waweza kupata kiasi sahihi cha mvua kwa kukosea mara mbili, ukizidisha maji yanayopanda baharini na kupunguza yanayotoka katika nchi kavu. Ukitazama kiasi cha mvua peke yake hutaligundua kosa hilo. Ukitazama isotopi utaligundua, kwa sababu ni kama kumwambia mwanafunzi aonyeshe njia aliyofuata.

Pwani yetu ni mahali pazuri ajabu pa kupimia mambo haya, na nashangaa kwamba wanaojadili bajeti za utafiti hawaliimbi jambo hili. Mabaharia wetu walizigawa pepo kabla ya maabara yoyote: kaskazi inayotoka pande za Arabuni na Somalia, kusi inayovuka bahari pana kutoka kusini, na baina yao tanga mbili, majira ya upepo usioaminika. Kwa nadharia ya Craig na Gordon tungetarajia mvuke wa kaskazi, uliozaliwa katika hewa kavu zaidi, uwe na ziada kubwa kuliko ule wa kusi. Mashine moja iliyowekwa juu ya mnara ufuoni, ikasawazishwa kila siku kwa maji ya vipimo na kutunzwa kwa miaka mitano bila kukatizwa, ingelijaribu jambo hilo na kuwapa watengenezaji wa mifano kitu cha kujipimia. Fedha za mashine ni nyingi kwa idara moja, lakini si nyingi kwa vyuo vitatu vikishirikiana. Kinachoogopesha ni ile miaka mitano, kwa kuwa desturi yetu ni kuzindua.

Shule haina haja ya kungoja mnara. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtandao wa dunia unaosimamiwa na shirika la Vienna pamoja na lile la hali ya hewa duniani umekuwa ukikusanya mvua ya kila mwezi, na Entebbe ni mojawapo ya vituo vyake vya zamani. Kifaa cha kukingia ni cha mtu yeyote: faneli, mtungi, na mpira mwembamba unaoshuka kutoka faneli hadi chini ya mtungi ili maji yasipate nafasi ya kupanda tena hewani. Mwanafunzi wa zamu huandika kipimo cha mvua kila asubuhi. Mwisho wa mwezi kichupa cha mililita 50 hujazwa hadi mdomoni, pasibaki hewa ndani, kikafungwa kabisa, kikaandikwa tarehe na mahali kwa kalamu isiyofutika, na kuwekwa mahali penye giza hadi maabara ya chuo kikuu itakapokuwa tayari kukipokea.